Hatua Kumi na Mbili za Mume Wangu

Mume wangu hajawahi kucheza mpira. Nalisema mapema, kwa sababu ukimsikia anavyouzungumzia utadhani alizaliwa na filimbi mdomoni. Kazi yake ilikuwa kuchora mistari. Kwa miaka ishirini na sita alitunza uwanja wa klabu yetu: alikata nyasi, alimwagilia, alifukuza mbuzi, na kabla ya kila mechi alijaza chokaa kwenye kitoroli chake cha gurudumu moja akauzunguka uwanja mzima taratibu, kidevu juu, kama mtu anayekagua shamba la baba yake. Pale klabuni walimwita Hatua.

Mimi ni fundi cherehani. Nyumbani kwetu kuna futi tatu za kupimia nguo: moja iko shingoni mwangu, moja kwenye droo, na ya tatu imepotea humohumo ndani. Hilo nalo nalisema mapema, ili ujue kwamba yaliyotupata hayakutokana na uhaba wa vifaa.

Mistari ya uwanja ina kamba zake zenye mafundo, alizorithi kwa mzee aliyemtangulia. Alama ya penalti peke yake haikuwa na kamba. Hiyo ilipimwa kwa mguu. Unasimama katikati ya mstari wa goli, unaangalia mbele, unatembea hatua kumi na mbili za mtu mzima, unaweka chokaa, basi. Ndivyo alivyofundishwa. Siku moja nikamwambia, si uchukue futi yangu tu? Aliniangalia kana kwamba nimemwambia avae gauni.

"Mke wangu," akasema, "futi inavutika. Mguu hauvutiki."

Sawa, haukuvutika. Ulirudi ndani. Miaka sita iliyopita alianguka kwenye ngazi akifunga wavu wa goli, goti la kulia likaumia, na halikupona tena sawasawa. Daktari akampa fimbo. Fimbo ile aliifikisha nyumbani, akaiweka nyuma ya kabati, na mpaka leo inatumika kuangulia utando wa buibui.

Sababu naijua. Yule mzee aliyemtangulia alianza kushika fimbo, na mwezi haukuisha wakamuaga. Wakampigia makofi, wakampa saa ya ukutani, viongozi wakasema maneno matamu, kisha wakamkalisha getini kwenye kiti cha plastiki awe anasalimia watu. Kila aliyepita alimwambia pole mzee. Mume wangu alimkuta pale asubuhi na kumwacha pale jioni kwa miaka miwili, mpaka mzee wa watu alipofariki. "Siku klabu ikijua habari ya goti hili," aliniambia, "mimi nimekwisha."

Nikamwambia mficha maradhi, kilio humuumbua. Akasema yeye hafichi maradhi, anaficha goti.

Basi alilificha. Klabuni alitembea wima kama askari. Akifika mlangoni kwetu ndipo anashika ukuta, anashika meza, ananishika mimi. Nilikuwa peke yangu duniani ninayejua. Nilijua na jambo jingine ambalo sikulitilia maanani: zamani tukitoka pamoja nilikuwa namkimbilia nyuma nikimwomba apunguze mwendo, siku hizi mimi ndiye namngoja. Nani angefikiri kwamba hilo lina uhusiano na mpira?

Sasa, klabu yetu ilikuwa na mshambuliaji waliyemwita Msumari. Kijana mpole, mrefu, masikio makubwa, akija kwangu kupunguziwa suruali anasema shikamoo mara mbili, akiingia na akitoka. Msumari hakuwahi kukosa penalti nyumbani. Hata moja! Misimu minne. Kipa anaruka, mpira ulishalala wavuni zamani. Ugenini, maskini, alikosa kama watu wengine, na pengine zaidi. Redioni kulikuwa na mchambuzi mmoja, sauti nzito, aliyeeleza jambo hilo kila wiki. Kwanza alisema ni nguvu ya mashabiki. Baadaye akasema ni upepo. Kisha akaleta mtaalamu wa saikolojia, wakazungumza dakika arobaini kuhusu mtu na nyumbani kwake. Niliwasikiliza huku napiga pindo, nikasema loo, kumbe elimu hii.

Kwa penalti za Msumari tukachukua ubingwa wa ligi, na kwa ubingwa huo tukaingia mashindano ya klabu bingwa ya bara zima. Mara ya kwanza katika historia! Watu walipaka kuta rangi za klabu. Nilishona bendera mpaka vidole vikafa ganzi. Raundi ya awali tukafungwa ugenini moja, nyumbani tukashinda mbili, zote penalti za Msumari. Raundi iliyofuata hivyohivyo, ila kipa wa wageni alilalamika kwamba mpira unamfikia kabla hajajiandaa. Tulimcheka wiki nzima. Hata jirani yangu muuza mkaa, asiyejua ofsaidi ni nini, alimcheka.

Tukaingia hatua ya makundi, na hapo wenye mashindano yao wakasema sasa wanatuma mkaguzi wa uwanja. Katika raundi za mwanzo walikagua vyoo na taa tu. Safari hii ni kila kitu. Uwanja ukikataliwa, mechi zetu za nyumbani tutazichezea nchi jirani.

Siku tatu kabla ya mkaguzi nilipeleka vibendera vya kona, vinne vipya, nimevitia pindo maradufu. Katibu wa klabu alikuwa amebandika kwenye mlango wa stoo orodha ya vitakavyopimwa. Nikaisoma, maana mimi hata karatasi ya kufungia sukari naisoma. Ikasema: alama ya penalti, mita kumi na moja kutoka mstari wa goli. Mume wangu alikuwa upande wa pili na bomba la maji. Nami nilikuwa nimesimama hatua chache tu kutoka golini, futi iko shingoni. Mtu akiniuliza kwa nini niliinama, sijui. Mkono wa fundi hautulii.

Futi yangu ina mita moja na nusu. Niliilaza mara sita, na kipande kilichobaki kilikuwa sentimita sitini. Nikarudia. Nikaenda goli la pili nikijifanya natafuta kitufe, nikapima huko. Ni yaleyale: mita tisa na sentimita sitini.

Nilikaa chini palepale kwenye nyasi. Mpira siujui, lakini hesabu za nguo nazijua. Nguo ikipungua mita moja na ushee, hiyo si nguo tena. Na mara moja nikajua sentimita hizo zilikokwenda. Hatua kumi na mbili zake zilikuwa bado kumi na mbili. Kila moja ilikuwa imepungua kidogo tu, mwaka hadi mwaka, kwa goti lile. Misimu minne watu walishangilia maumivu ya mume wangu, na mchambuzi akayaita upepo.

Wageni hawakufaidika na alama ile, kama unajiuliza. Marefa wetu wa ligi wana haya sana, huwa hawawapi wageni penalti.

Nyumbani nilimwambia. Nilimwambia vibaya, nakiri, maana nilikuwa na hofu. Nikamwambia mkaguzi anakuja na futi ya chuma na wewe umeweka alama kwenye miguu ya kipa.

"Futi yako ni ya magauni," akasema.

"Mita ya gauni na mita ya goli ni mama mmoja baba mmoja!"

"Nimepima uwanja ule kabla hujajua kutia uzi kwenye sindano."

"Haya, baba. Uani hapo. Tembea."

Akatoka kwa hasira, akasimama ukutani, akatembea. Nilihesabu kwa sauti, moja, mbili, mpaka kumi na mbili. Nikalaza futi. Alinitazama nikiisogeza, na nilipomaliza nikamwachia asome mwenyewe. Akasoma. Akageuza futi akaangalia upande wa pili, labda ulikuwa na habari nzuri zaidi. Kisha akakaa kwenye ndoo, akaweka mkono juu ya goti, na nilimwonea huruma. Sikuionyesha, maana angeondoka.

"Nikimwambia katibu," akasema, "ataniuliza kwa nini."

"Ndiyo. Atauliza."

"Basi hatumwambii."

Alfajiri yake tulikuwa uwanjani wawili, mlango tumeufunga kwa ndani. Tulifukua chokaa ya zamani, tukapachika vipande vya nyasi, tukapima kwa futi yangu mara tatu, tukaweka alama mpya mahali pake. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu aliniuliza, "Hapa?" Nami nikasema, "Sogea kidogo." Ilikuwa asubuhi nzuri, siwezi kusema uongo.

Mkaguzi akaja, mtu mfupi wa tai, akapima kila kitu, akaandika kwamba mistari ya uwanja ule ni ya kupigiwa mfano. Katibu akampiga mume wangu begani. "Mzee wetu, mguu wako ni rula!" Mume wangu akashukuru. Nilikuwa nimeshikilia kibendera, nikakiuma ili nisicheke.

Kicheko hicho hakikudumu. Timu ilikuwa ikifanyia mazoezi kiwanja kingine, kile cha nyuma ya ghala, kisicho na mistari, ili nyasi za uwanja mkubwa zisichakae. Kwa hiyo Msumari alikutana na alama mpya siku ya mechi, mbele ya watu elfu ishirini. Dakika ya sabini, penalti. Watu wakaanza kukumbatiana kabla hajapiga. Akapiga vilevile kama siku zote, na kipa akaudaka mpira kwa mikono miwili, akauangalia, akashangaa kuliko sisi. Tukatoka sare. Mpira unadunda, tukasema.

Mechi ya pili nyumbani akapata penalti tena. Akagonga mwamba. Tukatoka sare tena, na sasa hakuna aliyesema mpira unadunda. Redioni mchambuzi akasema Msumari amelewa sifa. Mtaani wakasema amehongwa. Wengine wakasema amerogwa, na hao ndio waliomtetea. Mtu akamwaga maji machafu mlangoni kwa mama yake. Mashabiki walewale waliompa majina ya malaika wakaandika ukutani kwake neno ambalo silitamki. Kamati ikamwondoa kikosini na kuahidi kuchunguza ni nani aliyempa nini. Ilibaki mechi moja ya kundi, nyumbani, na ni lazima tushinde.

Msumari akaja kwangu na suruali mkononi. Alisema shikamoo mara moja tu. Mume wangu alikuwa amelala kiti kirefu, mguu juu ya stuli. Kusikia sauti akauteremsha haraka, uso ukamkunjamana.

"Naacha mpira, mzee," kijana akasema. "Sijui nini kimenitoka. Napiga vilevile, nakuapia, napiga vilevile."

Alipoondoka mume wangu hakula. Nilimwambia, "Huyu mtoto wa watu anaadhibiwa kwa goti lako." Maneno makali, nayajua, na sikuyajutia. Akasema anajua. Akasema pia kwamba akifungua mdomo ndio mwisho wake pale uwanjani. Nikasema najua. Kesho yake akavaa shati jeupe, akaenda kwa katibu, akamwambia alama ya penalti ilikuwa karibu kwa miaka kadhaa na yeye ndiye aliyeisogeza mahali pake kabla ya ukaguzi. Msumari hana kosa. Kwa nini ilikuwa karibu, hakusema. Katibu, kwa mshangao wetu, hakuuliza. Alimwambia afunge mdomo mpaka mechi ipite, na akamrudisha kijana kikosini kimyakimya, bila kumwomba mtu radhi.

Asubuhi nne zilizofuata mume wangu alimfungulia Msumari uwanja mkubwa. Nilikuwepo siku ya kwanza, nimekwenda na chai. Alimwonyesha kiraka cha nyasi pale alama ilipokuwa, kisha ilipo sasa. Kijana akasimama kwenye kiraka, akasimama kwenye alama, akarudi kwenye kiraka.

"Kwa hiyo mzee," akasema polepole, "mimi sijui kupiga penalti?"

"Hujui," mume wangu akamjibu. "Piga tujifunze."

Alipiga mpaka chai ikapoa. Siku ya kwanza alikosa nyingi, siku ya nne alikosa mbili. Na siku ya mechi, kwa kuwa Mungu naye anapenda mchezo, penalti ikatokea. Uwanja mzima ukamzomea kwa kuusogelea mpira, mashabiki wake mwenyewe! Akaweka mpira, akarudi nyuma hatua mbili zaidi ya zamani, akafunga. Waliomzomea wakambeba mabegani. Tukaingia robo fainali tukiwa wa pili katika kundi, na redioni mchambuzi akasema siku zote aliamini.

Jumatatu yake kamati ikamwita mume wangu. Nikampigia pasi lile shati jeupe. Watamshukuru, nilidhani, ama angalau watampa mkono. Nilikwenda naye, nikakaa kwenye benchi la ukumbini. Mlango wa ofisi ile kitasa chake kilikufa zamani, haufungi vizuri, nami sikujizuia kusikia, hata kuchungulia.

Kumbe walikuwa wamefikiri sana. Walikuwa wamefikiri kwamba mume wangu alisogeza alama karibu makusudi, miaka ile yote, kwa mapenzi ya klabu. Katibu alisema kwa heshima kubwa, "Mzee wetu, umetubebea ubingwa kimyakimya. Akili hiyo sisi hatuna." Wajumbe wakaguna kukubali. Kisha sauti yake ikabadilika. Ila kuirudisha nyuma katikati ya mashindano makubwa namna hii, bila kuiambia kamati? Sare mbili nyumbani! Tungekuwa vinara wa kundi. Sasa robo fainali tunakutana na mabingwa watetezi, na kila mtu anajua watatufanya nini. Hapo, akasema, mzee ametusaliti.

Jamani! Hawakumkasirikia kwa makosa ya miaka sita. Walimkasirikia kwa siku moja aliyofanya sawa.

"Au," katibu akaendelea, na sasa sauti ilikuwa laini, ya upole kabisa, "kuna jambo jingine, mzee? Kama ni umri, kama ni mwili umechoka, sema tu. Sisi ni wanao. Ikiwa ni hivyo basi si usaliti, ni uzee, na tutakuaga vizuri, kwa sherehe, kwa heshima zako zote."

Niliinuka kwenye benchi. Sema, nikamwambia kimoyomoyo. Sema goti! Neno moja tu, mume wangu, mkaidi wewe, kichwa cha jiwe, sema goti utoke humo na jina lako!

 Nikasikia kiti kikisogezwa.

"Mwili wangu mzima," akasema. "Alama niliisogeza mimi, kwa akili zangu, mbele na nyuma. Andikeni hivyo."

Wakaandika hivyo. Hawakumpigia makofi wala hawakumpa mkono. Mjumbe mmoja alisema neno chini kwa chini na mume wangu hakugeuka. Mlango ukafunguka, akatoka na barua mkononi, wima, kifua mbele, miguu yote miwili inakanyaga sawasawa utadhani kijana wa miaka ishirini. Alinipita bila kuniangalia. Nikamfuata. Kamati nzima ilikuwa imetoka nje imesimama barazani inamtazama, na yeye akavuka uwanja wa magari, akapita dirisha la tiketi, akapita geti, mwendo uleule, jasho linamtiririka shingoni. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka nilikuwa namkimbilia nyuma.

Tulipokata kona ya ukuta, pale ambapo wa barazani hawaoni tena, mkono wake ukanitua begani na uzito wake wote ukaufuata. Tulisimama. Alikuwa anahema. Nilikuwa na matusi mazuri kabisa niliyoyapanga tangu kwenye benchi, nikafungua mdomo, nikayakosa, nikajikuta nalia kama mjinga katikati ya barabara.

"Wamejua?" akaniuliza.

"Hawajajua."

Akatikisa kichwa, ameridhika. Kisha akasema tusipite njia ya ngazi, tuzunguke ile ya nyuma japo ni ndefu, kwa sababu anaona mimi nimechoka.

Nikamwambia ni kweli, nimechoka.